Oganda Ampanda Joka

Kwa muda sasa riwaya nene zenye majoka kwenye jalada zimekuwa zikionekana Kisumu mahali ambapo zamani ungekuta kitabu cha marudio ya mtihani au Biblia ndogo ya mfukoni. Ziko kwenye mikoba ya wasichana wanaopanda matatu za Maseno na Kakamega, ziko kwenye meza za vitabu vya mitumba kando ya barabara, na zaidi ya yote ziko kwenye simu, ambako kitabu cha kurasa mia tano huhama kutoka kwa msomaji mmoja hadi mwingine kupitia WhatsApp kabla chakula cha jioni hakijaiva. Wazazi wameanza kuulizana habari zake, walimu wamezitaja, wahubiri wamezikemea, na hukumu ninayoisikia karibu kila mahali ni moja: vijana wetu wametekwa na ndoto za ughaibuni, na joka lenyewe ni pambo tu lililobandikwa juu ya hadithi za kitandani ili ziuzike.

Nimezisoma riwaya hizi, kwanza kwa shaka na baadaye kwa makini, na ninaamini kwamba hukumu hiyo inakosea pale pale inapodhani imepatia. Joka ndilo linalobeba uzito wote. Linampa msomaji wa kike kitu ambacho riwaya za mapenzi za vizazi vilivyopita zilimnyima, yaani nguvu ambayo haikupitia mikononi mwa mwanamume yeyote, na linampa nguvu hiyo kabla mapenzi hayajaanza. Anayetaka kujua kwa nini binti wa Kondele anakesha na kitabu cha aina hii na alitazame joka kwanza, kisha ndipo amtazame kijana mtanashati anayesimama kando yake.

Utanzu huu ni mkongwe kuliko TikTok iliyoutangaza. Mwaka 1968 mwandishi Mmarekani Anne McCaffrey alichapisha Dragonflight, riwaya ambamo Lessa, binti aliyenyang'anywa urithi wa ukoo wake, anachaguliwa na joka la kike la rangi ya dhahabu mara tu linapoanguliwa, na tangu saa hiyo wawili hao wanasikiana mawazo hata wanapokuwa mbali. Mengi tunayoyaona leo yalikuwa humo tayari: uteuzi usioombwa, lugha ya moyoni isiyosikika na mtu wa tatu, na mapenzi ya binadamu kwa binadamu yanayokuja nyuma ya mapenzi ya binadamu kwa kiumbe. Miaka 55 baadaye, mwaka 2023, Rebecca Yarros akatoa Fourth Wing. Shujaa wake, Violet Sorrengail, ana umri wa miaka 20, amelelewa kuwa mwanamaktaba na mtunza kumbukumbu, na mwili wake ni dhaifu kiasi kwamba viungo vyake huteguka kwa msukosuko mdogo. Lakini mama yake, jenerali wa jeshi, anamwamuru ajiunge na chuo cha wapanda majoka ambako wanafunzi wengi hufa kabla ya kuhitimu. Kitabu cha tatu cha mfululizo huo kilipotoka Januari 21, 2025, kiliuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki ya kwanza. Vitabu vya watu wazima haviuzwi hivyo kila mwaka, hata huko Marekani, na nambari hiyo peke yake ingetosha kumfanya mchambuzi yeyote aulize ni njaa gani inayolishwa.

Ili kuijua njaa hiyo, inafaa kukumbuka tulichokuwa tukilishwa awali. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na vitabu vyake vyembamba vilifika mpaka mabweni ya Nyanza na Magharibi, vikasomwa chini ya blanketi kwa mwanga wa tochi na wasichana ambao leo ni mama na nyanya za hawa wanaosoma majoka. Mimi ni mmoja wao. Mwanamume wa vitabu vile alikuwa daktari bingwa, au mmiliki wa shamba kubwa, au tajiri mwenye meli; msichana alikuwa muuguzi wake, karani wake au yaya wa watoto wake. Nguvu zote, yaani nyumba, fedha, jina na heshima mbele ya watu, zilikuwa za mwanamume, na mlango pekee wa binti kuzifikia ulikuwa kupendwa naye. Tulivipenda vitabu hivyo, na sitavidharau leo, lakini vilitufundisha kwamba mwanamke huanza kuhesabika siku anapochaguliwa na mwenye mali.

Riwaya ya joka inageuza mpangilio huo. Binti anachaguliwa, ndiyo, lakini anayemchagua hana posa ya kuleta wala boma la kumhamishia. Anayemchagua ni kiumbe mwenye uwezo wa kuchoma kijiji, na uwezo huo unakuwa wa binti tangu siku hiyo, awe ameolewa au hajaolewa, awe amependwa au amechukiwa. Mwanamume anapoingia katika hadithi anamkuta mwanamke aliyekwisha kuwa na moto wake. Katika nchi ambayo Katiba ya 2010 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika haki za ardhi, lakini ambako katika vijiji vingi vya Kano, Siaya au Bungoma mwanamke bado huulizwa ni mke wa nani kabla ya kuonyeshwa mpaka wa shamba, sidhani kama tunahitaji nadharia ya mbali kueleza kwa nini mpangilio huu unawagusa wasomaji. Wanaijua tofauti kati ya kupewa na kuwa na chako. Wameiona kwenye mazishi, pale mjane anaposubiri wakwe waamue kama atabaki.

Lugha yetu inatusaidia kuliona jambo hili kuliko Kiingereza kinavyoweza. Joka ni nyoka aliyekuzwa, na kwa kuwa ukubwa huo umemtoa katika umbo lake la kawaida, wengi wetu humpatanisha kama kitu: joka lilitoka, joka lilimeza, majoka yale. Lakini kiumbe mwenye uhai na nia ana haki ya upatanisho wa watu na wanyama. Biblia ya Kiswahili yenyewe inagusa pande zote mbili, kwani Ufunuo sura ya 12 inaanza na "joka kubwa jekundu" na mistari michache baadaye ni "yule joka" anayepigana na Mikaeli na malaika zake. Wafasiri hawakuteleza, walipomwona mnyama mkubwa waliandika ukubwa, na walipomwona adui mwenye kusudi waliandika nafsi. Mtu anayezilaumu riwaya hizi husema joka limemteka mtoto wangu, na mtoto mwenyewe husema joka alimwambia hivi, joka alikasirika vile. Wawili hao hawazungumzii kitabu kimoja. Mimi nimeandika mpaka hapa kwa upatanisho wa wanaolaumu, na kuanzia hapa nitaandika kwa upatanisho wa wanaosoma, kwa sababu ninaona wao ndio walioelewa.

Joka wa riwaya hizi, basi, ni mtu wa aina yake. Ana kumbukumbu ya karne nyingi, ana majonzi ya wapanda joka waliotangulia kufa, ana dharau kwa binadamu wengi na mapenzi makali kwa mmoja. Juu ya yote hayo, hadanganyiki. Anaisikia akili ya binti kutoka ndani, woga wake, wivu wake, aibu zake ndogo ndogo, na akiisha kuyasikia hayo yote bado habadilishi uamuzi wake. Sijui kama kuna ahadi kubwa kuliko hiyo kwa msomaji wa miaka ishirini ambaye maisha yake yote ya hadharani yako kwenye picha zilizosafishwa. Mapenzi ya kibinadamu katika riwaya hizo yana siri, usaliti na mashaka, kama yalivyo mapenzi yoyote. Uaminifu usiotikisika umehamishwa kwa joka, na kwa kuwa umehamishwa, mwandishi anabaki huru kumwacha mwanamume awe na dosari. Katika mfululizo wa Yarros joka wa Violet na joka wa kijana anayempenda ni mume na mke, hivyo vijana hao wawili wanajikuta wamefungwa pamoja kabla hawajaaminiana. Wasomaji wa Kiingereza huona hapo hila ya msimulizi. Mtu aliyekulia Nyanza ataona kitu anachokijua: jagam, yule mpatanishi wa ndoa aliyezijua nyumba zote mbili na kuwakutanisha vijana, kisha akawaachia wao kazi ya kupendana.

Mpwa wangu, anayesoma chuoni hapa Kisumu, ana selimundu. Ukanda huu wa ziwa una wagonjwa wengi wa selimundu kwa sababu ileile inayoufanya uwe na malaria nyingi: chembe moja ya urithi humkinga mtu dhidi ya malaria kali, na chembe mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, humletea ugonjwa. Amelala hospitalini mara nyingi kuliko anavyopenda kuhesabu, na anajua jinsi watu wanavyopunguza sauti wanapozungumzia ndoa yake. Yeye ndiye aliyeniazima Fourth Wing. Nilipomuuliza kama anampenda yule kijana wa kitabuni kama wenzake wanavyompenda, aliniambia, "Shangazi, yule mwanamume nikifunga kitabu namsahau. Joka simsahau, kwa sababu alimwona akiwa amevunjika na akamchukua hivyo hivyo." Mwandishi wa riwaya hiyo amesema hadharani kwamba ana ugonjwa wa tishu unaofanya viungo kuwa legevu, na kwamba alimpa shujaa wake mwili unaofanana na wake. Violet haponywi na uchawi. Anafunga viungo vyake kwa bendeji, anatengenezewa tandiko maalumu ili asianguke, na wapo wanaosema kwamba tandiko hilo ni fedheha kwa mpanda joka. Joka wake anawajibu kwa ukali, na safari inaendelea. Nimewasikia wahakiki wakisema kwamba hadithi hizi humlisha msomaji ndoto ya ukamilifu, na kila ninapoisikia kauli hiyo ninamkumbuka mpwa wangu akieleza, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu, habari za tandiko.

Kati ya hoja zinazotolewa dhidi ya riwaya hizi, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotamkwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba majoka na mapenzi yao ni ya Wazungu, na kwamba msichana wa pwani ya Ziwa Victoria hana uhusiano wowote nao. Anayesema hivyo amesahau maktaba ya nyumbani kwake. Mwaka ule ule wa 1968 ambao McCaffrey alimchapisha Lessa, Grace Ogot, muuguzi na mwandishi kutoka Asembo, alichapisha mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Land Without Thunder, na ndani yake kuna "The Rain Came". Humo mvua imekatika, na mzimu wa ukoo umeagiza kwamba Oganda, binti pekee wa mfalme Labong'o, atolewe kwa zimwi la ziwani. Watu wanamwimbia na kumpongeza kwa heshima hiyo. Anatembea peke yake kuelekea majini, na pale mwisho wa njia anatokea Osinda, kijana aliyempenda, akiwa amevaa vazi la majani. Anamfunika naye kwa vazi kama hilo ili wasionekane na macho ya wahenga, wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha. Zimwi, ziwa, binti, mpenzi, ukaidi dhidi ya amri ya wazee: viungo vyote vimo, na vilipikwa Nyanza na mwanamke wa Nyanza.

Wala Ogot hakuvitunga kutoka hewani. Kule Gwassi, upande wa Homa Bay, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyevua mwanamke kutoka ziwani, akamchukua nyumbani, na ng'ombe wakatoka majini kumfuata mpaka boma likajaa. Siku alipolewa na kumtukana, mwanamke huyo alirudi ziwani na mifugo yote nyuma yake, na Nyamgondho akageuka mti pale alipokuwa amesimama. Mwaka 2003 huko Nyakach, chatu mkubwa aliyekuwa akiatamia mayai yake alipewa jina la Omieri, na wakazi wengi waliamini kwamba kuja kwake ni dalili ya mvua na mavuno mema, kiasi kwamba walitaka aachwe aendelee kulea. Pwani nako, katika hadithi ya Sultani Darai aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, paa anamwozesha bwana wake masikini binti wa sultani, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba ili ampatie bwana wake nyumba ya nyoka huyo, na mwishowe bwana anarudi kwenye umaskini kwa sababu amemsahau paa baada ya kupata mke. Hadithi hizo mbili, ya Nyamgondho na ya Sultani Darai, zinasema jambo ambalo riwaya za majoka zinalirudia bila kujua: mapenzi yaliyoletwa na kiumbe wa ajabu hudumu kwa kadiri ya heshima anayopewa kiumbe huyo.

Hata hivyo kuna tofauti, nami sitaificha kwa hamu ya kushinda hoja. Oganda alitolewa kwa zimwi, na wokovu wake ukaja kwa mkono wa Osinda. Lessa na Violet wanasogea karibu na zimwi lenyewe na kumpanda. Katika hadithi yetu nguvu ya ajabu inabaki upande wa jamii inayomtoa binti kafara. Katika zao nguvu hiyo inahamia kwa binti, na jamii ndiyo inayotetemeka. Ninashuku kwamba ni tofauti hii, zaidi ya ugeni wowote wa mabawa na moto, inayowasumbua wazee wanaozipinga riwaya hizi, na wakisema hivyo waziwazi tutakuwa na mjadala wenye maana kuliko huu wa Uzungu na Uafrika.

Hoja ya kidini inastahili kusikilizwa kwa adabu zaidi, kwa kuwa wengi wetu huku tulikutana na neno joka kwa mara ya kwanza kanisani, katika Ufunuo, ambako yule mkubwa, nyoka wa zamani, anaitwa Ibilisi na Shetani. Mama anayeona picha yake kwenye kitabu cha bintiye na kushtuka hana ujinga wowote. Anasoma alama kama alivyofundishwa kuisoma. Ninachoweza kumwambia ni kwamba alama hubadilika zinapovuka mpaka, na joka wa Kichina, kwa mfano, amehusishwa na mvua na baraka kwa muda mrefu sana, karibu na Omieri wetu kuliko na mnyama wa Yohana. Ningemwomba pia aisome sura ile mpaka mwisho, kwa sababu mwanamke aliyevikwa jua, anayefukuzwa na joka, anapewa mabawa mawili ya tai mkubwa ili aruke mpaka mahali pake nyikani. Hata humo, mwanamke aliyezingirwa anapewa mabawa. Sisemi kwamba maana ni ile ile. Ninasema kwamba shauku ya mwanamke kupata mabawa ina nafasi hata ndani ya kitabu anachokitumia kuikemea.

Ugumu wa kweli uko kwa mwanamume. Katika nyingi za riwaya hizi mpenzi ni hatari: ana sababu ya kumuua shujaa, anamtishia katika sura za mwanzo, ana hasira, ana siri, na mwandishi anatutaka tuione hatari hiyo kuwa sehemu ya mvuto wake. Mnamo Januari 27, 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na mengi kati ya mauaji yaliyowatoa barabarani yalihusishwa na wapenzi au waume. Siwezi kuusoma mvuto wa mwanamume hatari kana kwamba mitaa hiyo haipo. Watetezi wa riwaya hizi hujibu kwamba ndani ya hadithi hatari hiyo imedhibitiwa, kwa kuwa binti ana joka anayeweza kumfanya mwanamume huyo majivu asubuhi yoyote, na kwa hiyo anampenda akiwa na usalama ambao mwanamke wa kawaida hana. Jibu hilo ni la kweli kuhusu kitabu. Kuhusu Nyalenda au Manyatta ni nusu ya ukweli, kwa sababu msomaji anafunga kitabu na kubaki na ladha ya mwanamume mkali bila joka wa kumlinda. Ninaona waandishi bora wa utanzu huu wameanza kulitambua tatizo hilo. Ridhaa hutamkwa katika mazungumzo ya wapenzi wao kwa uwazi ambao haukuwa katika kazi za kwanza, ambamo majoka walipojamiiana tamaa yao iliwazoa wapanda joka bila mtu kuulizwa. Ni maendeleo, lakini hayatoshi, na pale anapoonekana mwanamume ambaye kosa lake husamehewa kwa sababu ya macho yake, ninamwomba msomaji asimame na kumpima kama joka angempima.

Suala la umri lina jibu rahisi zaidi. Fourth Wing na nyingi za dada zake zimeandikwa kwa watu wazima, zina mandhari ya chumbani yasiyofichwa, na hazifai kwa mtoto wa sekondari ya msingi. Mzazi anayezizuia kwa msingi huo yuko sahihi na hahitaji kusingizia majini wala Wazungu ili awe sahihi.

Wapo pia wanaosema kwamba huku ni kukimbia maisha, wakati vyuo vinafungwa kwa migomo na ajira haipatikani. Mtafiti Mmarekani Janice Radway alichapisha mwaka 1984 uchunguzi wake juu ya wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi, na alichokigundua ni kwamba kitendo chenyewe cha kusoma kilikuwa na uzito kwao kama hadithi ilivyokuwa: ilikuwa saa ambayo hakuna mume wala mtoto aliyeweza kuwaagiza kitu. Nimeliona jambo hilo hilo kwa wauguzi, wauzaji wa mboga na walimu wa hapa. Saa hiyo huisha, na maisha wanayodaiwa kuyakimbia wanayarudia wenyewe alfajiri, kwa miguu.

Kinachonihangaisha zaidi ya maadili ya riwaya hizi ni lugha yao. Karibu zote zinazosomwa Kisumu ni za Kiingereza, ilhali wasomaji wake wanacheka, wanagombana na kutongozana kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Hatukukosa mbegu. Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze mwaka 1952, na ndani yake kuna majini, mji uliogeuzwa mawe na ndugu waliogeuzwa nyani. Kiswahili kimekuwa na fantasia yake tangu kabla ya uhuru. Lakini uchapishaji wetu umejengwa juu ya shule. Mchapishaji hutazama kwanza kama kitabu kinaweza kuidhinishwa au kuteuliwa kwa mtihani, na riwaya ya mapenzi ya mtu mzima, tena yenye joka, haiwezi kuteuliwa. Basi haichapishwi, na mwandishi aliyekuwa nayo kichwani anaandika tamthilia fupi juu ya ufisadi. Bei nayo haikusaidiwa na uamuzi wa mwaka 2013 wa kuanza kutoza vitabu VAT ya asilimia 16, ambao uliwafanya wasomaji wengi wahamie kwenye nakala za simu zisizomlipa mwandishi yeyote. Matokeo yake ni kwamba tunawalaumu vijana kwa kusoma ndoto za wengine baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ndoto yao kwenye rafu.

Mchapishaji atakayethubutu atakuta kazi kubwa imekwisha kufanywa. Ziwa lipo, na Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la Kendu Bay linalosemekana kuzamisha kijiji kilichomnyima mgeni hifadhi, lipo karibu nalo. Mahari ipo, na mvutano wake kati ya heshima na bei ungempa mwandishi sura kumi. Wasomaji wapo, wamejifunza wenyewe kumaliza kurasa mia tano, jambo ambalo miaka ya kuwahimiza kusoma haikuweza kulifanya. Kitabu hicho kiandikwe umri wa msomaji kwenye jalada, kiwekwe katika rafu ya watu wazima ya maktaba ya umma ya Kisumu, na mhariri asimlazimishe mwandishi amfanye joka awe fumbo la ukoloni au la ukabila ili aonekane ana faida kwa taifa.

Mpwa wangu ameanza kuandika wake, katika daftari la chuo, kwa Kiswahili. Binti anaitwa jina ambalo amenikataza nilitaje, anatoka Nyakach, na anajua kupanda mtumbwi. Amefika sura ya nne, ambapo watu wanaimba njiani wakimsindikiza kwenda majini, na mpaka juzi hakuwa ameamua kama zimwi la ziwani atakuwa na mabawa.